Yoshi ya Udongo, Yoshi ya Samurai

Kabla mvua za Juni hazijaanza, Fusae Yoshizumi alisimama mbele ya duka la samaki katika soko la Omicho akashindwa kulisoma jina lake. Katika duka hilo alikuwa akinunua samaki tangu alipoolewa. Herufi ya samaki, maana kwetu herufi moja hubeba neno zima, ilikuwa palepale juu ya mlango, pana kama mlango wenyewe, lakini yeye aliona vijistari tu: kimoja kimelala, kingine kimesimama, na vinukta chini kama vitu vilivyodondoka mfukoni mwa mtu. Alijua ni duka la samaki kwa sababu lilinuka samaki.

"Bi Yoshizumi, leo unanunua au unatukagua?" muuzaji akamuuliza.

"Hivi hapo juu pameandikwa nini?"

Muuzaji alitoka nje na mabuti yake ya mpira, akaangalia juu kuona kama kuna mtu amembadilishia kibao. "Pameandikwa samaki, mama. Ulitaka paandikwe nini?"

Alitusimulia hayo kesho yake wakati wa chakula cha mchana. Hatukucheka sana, maana yalikuwa yanatupata sote.

Karakana yetu ilikuwa juu ya duka la miavuli, si mbali na Mto Sai. Kazi yetu ilikuwa kuipa kompyuta herufi. Ofisi ya mji ilikuwa imenunua mashine ya kuchora, yenye mkono wa chuma ulioshika kalamu na kwenda huku na huku juu ya karatasi, nayo ilitaka mashine hiyo iandike majina ya watu. Mashine haikujua herufi hata moja. Ilijua tu toka hapa, nenda pale, inua kalamu, shusha kalamu. Kwa hiyo kila herufi ilibidi ivunjwe kuwa mistari, na kila mstari upewe mwanzo na mwisho. Unaweka karatasi yenye herufi kubwa juu ya ubao wa umeme. Unashika kidude chenye kioo cha duara na nywele mbili zilizopishana, ambacho sisi tulikiita kobe. Unamsogeza kobe mpaka nywele zipishane juu ya ncha ya mstari, unabonyeza; unamsogeza hadi ncha ya pili, unabonyeza tena. Upande wa pili utepe wa karatasi unatoboka matundu. Halafu mstari unaofuata. Kuna herufi za mistari mitatu na kuna za mistari zaidi ya ishirini, na herufi zenyewe ni maelfu.

Mkuu wetu, Bwana Nukada, zamani alikuwa mchonga mihuri. Alishikilia kwamba mistari ipangwe kama mkono wa mtu unavyoandika, wa kwanza uwe wa kwanza. "Kalamu isipofuata mkono," alikuwa akisema, "herufi inatoka kama imelewa."

Fusae alikuja kwetu kutoka kwenye kazi ya hariri. Alikuwa akichora mipaka ya maua kwenye vitambaa vya kimono, mpaka wanunuzi wakapungua. Mkono wake haukutikisika. Mimi kazi yangu ilikuwa kukagua: naweka mchoro wa mashine juu ya karatasi ya asili, naangalia kwenye taa kama vinalingana. Michoro ya Fusae sikuwa na la kuirudishia. Lakini mtu akishinda kutwa anavunja herufi, macho nayo yanazoea kuvunja. Unasoma gazeti nyumbani na neno linakumwagikia. Ikushima, kijana wetu wa kompyuta, alitushauri tutazame milima. Tulitazama milima. Mawingu yalikuwa mengi.

Basi ndipo herufi ya Yoshi ilipomfikia Fusae mezani.

Yoshi maana yake ni heri, na ndiyo inayoanza jina la Yoshizumi. Ina mistari miwili iliyolala, mmoja juu ya mwingine, na msumari unaoipitia katikati. Chini yake kuna kisanduku. Mstari wa juu ukiwa mrefu kuliko wa chini, ile sehemu ya juu inasomeka samurai. Ukiwa mfupi, inasomeka udongo. Jina linatamkwa vilevile. Lakini mjini kwetu, ambako kila mtaa una mzee anayedai babu yake alivaa panga mbili, watu huulizana: Yoshi yako ni ya samurai au ya udongo? Na anayejibu udongo hujibu kwa sauti ya chini.

Fusae alipoletwa nyumba ya Yoshizumi kama bi harusi, kitu cha kwanza alichokiandika kwa jina lake jipya kilikuwa bahasha ya pole ya msiba wa jirani. Aliandika mstari wa juu mfupi. Mama mkwe wake, Iso, aliichukua bahasha, akaitazama, akairudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Mkwe," alisema, "wiki haijaisha, umeshatufukia udongoni?"

Maneno hayo Fusae aliyasikia kwa miaka thelathini. Kadi ya mwaka mpya ikitoka na mstari mfupi kidogo: mkwe, umetufukia tena. Alijifunza kuuvuta mstari wa juu mpaka ukawa kama ukingo wa paa. Na sasa yeye huyohuyo ndiye aliyeshika kobe, akabonyeza ncha za Yoshi ambayo mashine ingeiandika kwa kila Yoshida na kila Yoshimura wa mji wetu. Karatasi ya asili ilikuwa ya samurai. Siku hiyo alileta maandazi ya maharage, akatugawia bila kusema ni ya nini.

Iso mwaka huo alikuwa anatimiza umri wa mchele, yaani themanini na nane, kwa kuwa herufi ya mchele ukiivunja unapata nane, kumi, nane, na ndivyo themanini na nane inavyoandikwa. Kila Septemba, siku ya wazee, ofisi ya mji huwapa wa umri huo karatasi ya heshima yenye majina yao. Miaka yote ilikuwa inaandikwa kwa brashi. Mwaka huo ingeandikwa na mashine, kwa mistari yetu.

Tatizo ni kwamba tangu majira ya kuchipua Iso alikuwa ameanza kupotea. Hakupotea njiani, alipotea palepale alipokaa. Kwanza alisahau bakuli za wali ziko wapi. Kisha akaanza kumwita Fusae "dada," kwa adabu kubwa, kama unavyomwita muuguzi. Alimshukuru kwa chai. Miaka thelathini hakuwahi kumshukuru kwa chai, na Fusae alisema shukrani hizo zilimtia baridi.

"Sitaki anijue mimi," alituambia. "Lakini jina lake alijue. Siku ile wakimkabidhi karatasi, aisome, ajue ni yake. Asipojua hata hilo, sijui tutakuwa tunampongeza nani."

Akachukua mchoro wa majaribio ambamo mashine iliandika jina la Yoshizumi Iso, akaupeleka nyumbani. Waliketi mezani yeye, Iso, na mumewe Teizo, mstaafu wa reli.

"Mama, angalia. Mashine imekuandika."

Iso alisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu. "Huyu nani?"

"Ni wewe."

"Siyo mimi. Mimi Yoshi yangu ni ya udongo."

Teizo alipaliwa na chai.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "maisha yako yote umesema samurai."

"Nani? Mimi? Samurai gani, wewe mzee? Sikufahamu hata wewe." Akaigeuza karatasi uso chini, kama mtu anayefunika picha ya mgeni.

Fusae alikuja kazini kesho yake akiwa amechanganyikiwa kabisa. Alijiuliza kama mama alikuwa amesahau, au sasa ndiyo alikuwa amekumbuka. Teizo yeye aliona jambo ni rahisi. "Akili za mama zinatoka, basi. Leo udongo, kesho atasema ni ya mawe."

"Juzi alijua bei ya mafuta ya taa."

"Alisema bei ya kabla ya vita!"

"Lakini aliijua."

Kulikuwa na mlango mmoja. Mwishoni mwa orodha ya herufi palikuwa na nafasi za wazi, kwa ajili ya majina ambayo maumbo yake hayamo. Familia iliyotaka umbo lake iliweza kuomba, mkuu wa nyumba agonge muhuri, nasi tungelichora. Bwana Nukada alimwambia Fusae kwamba utepe ungeondoka kabla ya sikukuu ya wafu ya Agosti. "Ukitaka ya udongo, niambie. Ila ujue unachotaka. Nikiiweka, inakaa."

Basi akaanza kutafuta. Alianzia kwenye kibao cha mlangoni kwao. Baba mkwe ndiye aliyekiandika, naye alikwisha kufa zamani. Mvua zetu zilikuwa zimekila. Mistari miwili ya Yoshi ilionekana sawa, na alipoisogelea hakuweza kusema kama inalingana au macho yake ndiyo yamechoka. Akapanda mlima wa Nodayama kwenye kaburi la ukoo na ndoo na brashi. Akakwangua kuvu. Mstari wa chini ulitokea mzima. Wa juu ulikuwa umemeguka ncha, huenda na barafu. Alipima kwa uzi kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa sawa na wa chini.

Akaenda ofisi ya usajili. Karani mwanamke alimletea daftari la ukoo. Babu yake Teizo: udongo, wazi kabisa. Baba yake Teizo, kurasa mbili mbele: samurai, wazi vilevile.

"Sasa tulibadilika lini?" Fusae akauliza.

"Hamkubadilika. Aliyebadilika ni karani. Huyu wa zamani Yoshi zote aliandika kwa udongo, angalia, hata ya hekalu. Aliyemfuata zote kwa samurai. Ni mkono wa mtu tu, mama."

"Kwa hiyo ipi ndiyo sahihi?"

"Zote."

"Haiwezekani zote. Mimi nimekaripiwa miaka thelathini."

Karani alifikiri. "Basi hakuna," alisema kwa upole, akafunga daftari.

Alipotusimulia, Ikushima alisimama na furaha yake yote ya ujana. "Bi Fusae, dawa ipo! Mashine haina udongo wala samurai. Ina namba. Mistari yote miwili ipe urefu sawa, umalize ugomvi." Kabla hajakatazwa akaiandikia namba, na mkono wa chuma ukachora Yoshi tatu kwenye karatasi moja: ya samurai, ya sawa, ya udongo. Akamwekea Fusae mbele.

Fusae alizitazama.

"Ya udongo ni ipi?" aliuliza.

Tulidhani anatania. Kisha tukaona hatanii. Ikushima akafungua mdomo kumwonyesha, akasita, akageuza karatasi juu chini, akairudisha. "Ngoja," alisema. "Nilianza upande gani?" Mimi nikainama nayo kwenye taa. Nilijua kuwa mmoja lazima uwe mrefu, na kwa muda fulani sikuuona. Ilibidi Bwana Nukada aje na rula, naye alikuja akinung'unika kwamba amefungua karakana ya vipofu.

Lililokata shauri halikutokea kazini. Ilikuwa Jumapili, mvua imeacha, Fusae na Iso wamekaa kwenye ubao wa ukumbi unaotazama bustani, wanamenya maharage mabichi. Iso siku hiyo alikuwa mchangamfu. Alimwona Fusae kuwa mgeni, na mgeni huzungumzishwa.

"Dada, samahani, hata jina sijakuuliza."

"Yoshizumi."

"Ala! Nami ni Yoshi. Yako Yoshi ipi?"

Fusae alimenya haragwe moja. "Kusema kweli sijui."

"Hujui jina lako?" Iso akacheka mpaka akaweka bakuli chini. "Mtu mzima hivi! Lete mkono."

Hivyo ndivyo sisi hufanya jina lisipoeleweka: unaliandika kwa kidole kiganjani. Iso akashika mkono wa mkwewe, akaufungua, akaandika kwa ukucha. Fusae alitazama pembeni, kwenye mti wa camelia, kwa sababu macho yake hakuyaamini tena. Aliuacha mkono usome. Mstari umelala, mfupi. Msumari. Mstari umelala, mrefu, karibu ufike kwenye kidole gumba. Kisanduku. Udongo, bila shaka yoyote.

Ila Iso hakuishia hapo, akaandika herufi ya pili. Fusae alingoja mstari wa mshazari na mstari wa kusimama, ambavyo ndivyo huanza zumi, nusu ya pili ya Yoshizumi. Badala yake alihisi matone matatu, moja chini ya jingine, halafu kulala, kusimama, kulala. Hiyo si zumi. Hiyo ni herufi ya mto mkubwa, inayosomwa e.

"Yoshie," alisema Fusae.

"Wa Tonami," Iso akaitikia kama msichana anayeitwa darasani. "Nyumba yenye misunobari miwili. Baba ndiye alinifundisha kuandika, kwenye majivu."

Fusae alijua kwamba mama mkwe alitoka Tonami. Jina la kwao huenda aliambiwa siku ya harusi, pamoja na majina mengine mengi. Hakuna aliyelitaja tena.

Iso alisogea karibu, akashusha sauti. "Mimi naolewa mjini, dada. Jina la kule nalo ni Yoshi, lakini wanasema yao ni ya samurai. Nimeandika mara moja tu. Mama wa kule akaniambia nimewafukia udongoni." Akatazama huku na huku kama kuna mtu anasikiliza. "Ni mstari tu, sivyo? Mstari mmoja?"

Fusae akamsogezea bakuli. Walimaliza maharage.

Jioni ile alimpelekea Teizo fomu ya maombi na muhuri wake. Teizo aliisoma, akavua miwani.

"Unataka niandike kwamba nyumba yetu ni ya udongo."

"Ndiyo."

"Na ukoo watasema nini?"

"Watasema babu yako alitengeneza miavuli."

"Babu yangu alitengeneza miavuli kweli."

"Basi."

Teizo alizungusha muhuri mkononi. "Lakini huyo unayemwandikia ni Yoshie. Karatasi itasema Yoshizumi. Nusu jina tu litakuwa lake."

"Najua."

"Na asipolijua hata hilo?"

"Hilo sijui," Fusae alisema. "Mimi sijui chochote tena, Teizo. Gonga muhuri."

Akagonga.

Kazini, Yoshi ya udongo haikuwa na karatasi ya asili. Fusae aliweka ubaoni karatasi nyeupe. Akafumba macho, akajiandikia kiganjani kwa kidole mara moja, akayafumbua, akamshika kobe. Mfupi, msumari, mrefu, kisanduku. Mimi niliyepaswa kukagua sikuwa na cha kulinganishia. Niliushika mchoro mbele ya taa, karatasi moja peke yake, nikaona kitu kisichonitokea mara nyingi: mstari wa chini haukuishia pale rula ingeukomesha. Ulizidi kidogo kuelekea kulia.

"Umetoka wapi huu?" Bwana Nukada akauliza.

"Kwa mama," alisema Fusae. Bwana Nukada akaangalia tena, akauweka kwenye utepe.

Siku ya wazee Fusae alinialika, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa umepita kwenye kazi ile. Palikuwa na wali mwekundu wa maharage na samaki mzima wa kuchoma, yule wa sherehe aitwaye tai. Iso alivalishwa kizibao cha rangi ya dhahabu, amekaa kwenye mto mbele ya nguzo. Asubuhi yote, Fusae alininong'oneza, mama alikuwa akiuliza misunobari imekatwa na nani.

Bwana Higashide, mwenyekiti wa mtaa, alikuja kwa niaba ya mji. Alipiga magoti, akasafisha koo, akasoma pongezi kwa sauti ya hotuba, kisha akaisogeza karatasi mbele ya Iso kwa mikono miwili. Fusae alikuwa ameshika kitambaa cha meza bila kujijua.

Iso alivaa miwani. Aliitazama karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kidole chake kikatua juu ya Yoshi, kikapita mstari wa juu, kikashuka kwenye msumari, kikapita mstari wa chini. Uso wake ukaanza kubadilika. Ulikaza kuanzia kwenye midomo, kama uso wa mtu anayesikia mlango wa nyuma umeachwa wazi.

"Nani," alisema, "ametufukia udongoni?"

Bwana Higashide alitazama samaki.

"Nimeuliza nani. Yoshizumi ni ya samurai. Nyumba nzima haina mtu mwenye macho?" Kisha akageuka, na jicho lake likamkuta Fusae, likatulia pale. "Fusae. Ni wewe, sivyo?"

Tangu majira ya kuchipua hakuwa amelitamka jina hilo.

"Ni mimi, mama," alisema Fusae. Alikuwa anacheka, na machozi yanamshuka, na hakuyafuta.

"Miaka yote hii hujajifunza tu. Unacheka nini? Nitakufa mkwe wangu hajui kuandika. Lete brashi."

"Mama, hiyo ni karatasi ya mji," alisema Bwana Higashide. "Ina muhuri."

"Na jina ni la nani? La mji?"

Teizo ndiye aliyeleta brashi na wino. Fusae alipiga magoti akaikaza karatasi kwa viganja vyote viwili. Iso aliinamia, akauweka wino kwenye ncha ya kushoto ya mstari wa juu akauongeza. Kisha ncha ya kulia, akauongeza. Wino wa brashi ulikuwa mnene na mstari wa mashine ulikuwa mwembamba kama unywele, kwa hiyo mtu yeyote angeona palipounganishwa. Akaweka brashi chini, akavuta pumzi.

"Haya," alisema. "Sasa tule. Fusae, wali umeupika mgumu, nauona hapa nilipo."

Tulikula. Wali haukuwa mgumu. Wakati wa chai Iso alisinzia kidogo, na alipoamka alimshukuru Fusae kwa chai, akamwita dada, akamwomba amwonyeshe njia ya kwenda nyumbani. Fusae akaketi karibu yake akamwambia mvua ikiisha watakwenda. Mvua ilikuwa haijanyesha siku nzima.

Bwana Higashide alibaki ameishika ile karatasi, hajui airudishe mjini au aiache. Mwishowe akaniletea mimi. Alikuwa ameambiwa kwamba kazi yangu ni kukagua.

"Nisaidie, bwana. Hii sasa ni Yoshi gani? Wakiniuliza ofisini nitasema nini?"

Niliisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Mstari wa chini ulikuwa ule wa Tonami, uliozidi kidogo kulia. Wa juu ulikuwa umerefuka pande zote mbili, na upande mmoja wino ulikuwa umetambaa kwenye karatasi na ulikuwa bado unatambaa. Nilitazama kwa muda mrefu kadiri adabu ilivyoruhusu.

"Sijui," nilimwambia. "Ngoja ikauke."